Vichwa Vinane, Kadi Moja

Benchi letu limeegemea ukuta, mkabala na geti la hospitali, na kama hujawahi kulikalia nakupa pole. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali. Mwisho wa kushoto nakaa mimi, fundi viatu, ambaye watu waliamua kuniita Kisigino bila kuniuliza. Mwisho wa kulia anakaa Redio, anayetengeneza redio na ambaye mwenyewe pia ni redio, ila hana kitufe cha kumzimia. Katikati ni pa Mzee Kanuni, aliyechambua barua posta kwa miaka thelathini na mmoja, na hadi leo hawezi kuona vitu viwili bila kuvipanga. Mbele yetu, juu ya kigoda, hukaa Mama Vikombe na birika lake la kahawa. Yeye peke yake pale hatutaniani naye sana, na yeye peke yake hutuita kwa majina tuliyopewa na wazazi wetu, ila akitaka kumpoza mtu moyo humwita baba au mwanangu. Asubuhi hiyo mjukuu wa Mzee Kanuni, msichana wa miaka minne, alikuwa ndani ya geti akingoja picha ya moyo.

Nieleze kidogo. Daktari wa kupasua mioyo ya watoto huja kwetu mara mbili tu kwa mwaka. Siku anayofika, na siku hiyo ndiyo alikuwa amefika, saa nane mchana anafunga orodha yake, na mtoto ambaye picha yake haijafika mezani anangoja miezi sita. Yule mtoto akipanda ngazi tatu tu midomo ilikuwa inabadilika rangi. Miezi sita kwake ilikuwa mingi mno, na sote pale benchini tulijua, ndiyo maana hakuna aliyeisema.

Watoto walikuwa tisa. Wetu alikuwa wa tisa.

— Wamefika wangapi? — Mzee Kanuni akauliza.

— Mzee, umeniuliza sasa hivi tu, — nikamwambia. — Watatu.

— Tangu saa moja mpaka saa tano, watatu?

— Watatu.

Kazi ya kupiga picha yenyewe haichukui muda. Kinachochukua muda ni kompyuta kuunganisha vipande maelfu mpaka utoke moyo mmoja unaodunda. Kompyuta ya zamani, yenye kichwa kimoja cha kufikiria, ilikuwa ikitumia saa nzima kwa mtoto mmoja. Hospitali ikaleta mpya yenye vichwa vinane, tukashangilia hapa benchini kama tumeinunua sisi. Basi hiyo ya vichwa vinane ilikuwa inatumia saa moja na dakika ishirini.

— Vichwa vinane vinashindwa na kichwa kimoja, — Redio akasema. — Mimi sishangai. Vinapiga soga.

— Soga gani?

— Soga! Kichwa kikiwa kimoja kinafanya kazi kwa sababu hakina wa kuongea naye. Weka vinane, kimoja kinamuuliza mwenzake, umeamkaje? Huyo anajibu. Hapo bado sita hawajasalimiana. Nikidanganya, redio zangu zote zinyamaze.

— Zako si zimenyamaza tayari? — nikasema. — Ya kwangu iko kwako mwezi wa tatu huu.

— Ya kwako ni mgonjwa mahututi, Kisigino. Usimfanyie haraka.

Mama Vikombe akacheka chini chini, akammiminia Mzee Kanuni kahawa bila kuombwa.

— Kunywa, baba, — akamwambia. — Mtoto anaona uso wako hata ukuta ukiwa katikati.

Tulikuwa tunacheza drafti. Kwa kawaida kuna mbao mbili: mimi na Mzee Kanuni mwisho huu, Redio na mlinzi wa geti mwisho ule, mlinzi akicheza jicho moja likiwa getini. Mimi na Redio tunashindania ubingwa wa mwezi. Kila mmoja anacheza na mtu wake, na ushindi wake unaandikwa kwenye kadi, kipande cha boksi la viatu nilichokipiga mstari katikati. Upande wa kushoto ni wangu, wa kulia ni wake. Penseli kila mtu anayo ya kwake. Kadi ni moja.

Siku za kawaida Mzee Kanuni ananifunga mpaka naona haya. Siku hiyo nilikuwa nimemfunga mara nne mfululizo, na nilijitahidi kushindwa, wallahi. Nilikuwa namwekea kete zangu mdomoni, asizile. Mara moja alirudisha kete yake nyuma, mtu ambaye jina lake ni Kanuni. Na benchi letu lina sheria yake mwenyewe, kwamba ushindi usioandikwa papo hapo haupo. Kwa hiyo kila mara nilinyoosha mkono kwenye kadi, na kila mara kadi ilikuwa kwa Redio, maana naye mlinzi wake alikuwa hatazami ubao.

— Lete kadi.

— Ngoja niandike yangu.

— Umeshaandika. Lete.

— Chukua. Aa, hebu irudishe, nimeshinda tena.

Ndipo Dada Waya akatoka getini. Huyu ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali, binti mwembamba ambaye sijawahi kumwona bila waya shingoni. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa na siku tatu na ile mashine.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — Mzee Kanuni akajibu, kisha akamkazia macho, na macho yale yalikuwa swali.

— Bado, mzee wangu. Nimetoka kidogo nipate pumzi. Nikiendelea kuitazama nitaipiga teke.

Mama Vikombe akampisha kigoda, yeye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akampa kikombe.

— Tueleze ugonjwa wake, — Redio akasema. — Pengine sisi tutajua.

Nikatamani ardhi inimeze. Lakini Dada Waya alitabasamu.

— Sawa, kaka. Vichwa vyote vinane vinatumia kumbukumbu moja. Ichukulie kama ghala kubwa, liko mbali kidogo. Kila kichwa kina meza yake ndogo. Kikihitaji kitu kinakitoa ghalani, kinakiweka mezani, kinafanya kazi. Kukichukua mezani ni kufumba na kufumbua. Kwenda ghalani ni safari. Ninachokiona ni kwamba vichwa vyangu viko safarini kutwa nzima. Havikai mezani. Na sijui vinafuata nini.

— Mlango wa ghala ni mmoja, — nikasema. — Wanapigana vikumbo mlangoni.

— Nilifikiri hivyo, kaka Kisigino. Nikapunguza mizigo. Haikusaidia.

— Posta tulikuwa hivyo, — Mzee Kanuni akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa yake. — Mchambuzi mzuri anaziweka mbele yake barua za mtaa wake tu. Ukimpa za mitaa ishirini, atashinda anasimama na kukaa.

— Na hilo nimelifanya, mzee. Kila kichwa nimekipa mtaa wake. Huyu vipande vya juu, huyu vya chini. Hakuna anayegusa kazi ya mwenzake. Ndiyo maana nachanganyikiwa.

— Basi ni mkubwa wao, — Redio akasema. — Kimoja kimejifanya mkubwa. Kila kichwa kikimaliza kinakwenda kupiga saluti.

— Hakuna mkubwa, kaka.

— Hapo ndipo pabaya zaidi! Wanane bila mkubwa! Au joto. Mashine imetoka nchi ya baridi, hapa inasinzia. Au ina upweke. Mnacheka? Mimi nilikuwa na redio iliyokataa kushika stesheni mpaka nilipoiweka karibu na redio nyingine.

— Ulikuwa umeigusisha waya wa nyingine, — nikamwambia.

— Ndiyo upendo wenyewe huo!

Hata Mzee Kanuni alicheka. Namshukuru Redio kwa kicheko kile, na sijawahi kumwambia. Kisha Mzee akacheza kete yake bila kuiangalia, nikala tatu kwa mpigo, nikashinda mara ya tano.

— Lete kadi, — nikamwambia Redio.

— Nashinda mimi hapa.

— Andika ukishinda. Lete.

— Mbona unaninyang'anya?

— Kadi yangu!

— Kadi yetu!

Mimi nikavuta kushoto, yeye akavuta kulia. Mlinzi akasimama, mbao mbili zote zikasimama. Kete, ambazo ni vizibo vya soda, zikaanguka chini. Watu wazima wawili, tumeshikilia kipande cha boksi, na mzee wa watu ana mjukuu ndani. Nikikumbuka bado naona aibu.

Mama Vikombe akainuka kwenye ndoo. Hakupandisha sauti. Akachukua kisu changu cha kukatia ngozi, akaishika ile kadi katikati yetu, akakipitisha kisu juu ya mstari. Nusu ikabaki mkononi mwangu, nusu mkononi mwa Redio.

— Haya, — akasema. — Huyu haandiki ya yule, na yule hasomi ya huyu. Sasa mlikuwa mnagombea nini?

Ilikuwa kweli. Miezi yote ile nilikuwa nainyang'anya kadi kwa ajili ya upande wangu, na upande wa Redio ulikuja nao kwa sababu tu uligundishwa pale.

Dada Waya alikuwa ametulia, kikombe kiko hewani.

— Mama, rudia.

— Nirudie nini, mwanangu?

— Ulichosema. — Akanigeukia mimi. — Kaka, wewe ulikuwa unahitaji kuona hesabu yake?

— Ya nini? Anaandika uongo mtupu.

— Na bado ulilazimika kumnyang'anya kadi nzima.

— Sasa ningefanyaje? Ni kipande kimoja.

— Ni kipande kimoja, — akasema polepole. Kisha akasema tena, kwa sauti ambayo sikuielewa. — Ni kipande kimoja! Mimi ndiye niliyeziandika pamoja!

Akaweka kikombe kwenye goti la Redio, siyo kwenye benchi, na akakimbia. Mlinzi alisahau kumfungulia, akapita pembeni ya geti.

— Amesahau kahawa yake, — Redio akasema.

— Ishike hivyo hivyo, — Mama Vikombe akamwambia. — Atarudi.

Tukabaki sisi na midomo yetu. Nusu saa. Dakika arobaini. Redio alikuwa na maelezo mapya: eti Dada Waya amekwenda kuikata mashine kwa kisu. Mimi nikasema mashine haikatwi. Mlinzi akasema aliwahi kuona inakatwa, akaulizwa wapi, akasema katika ndoto. Mzee Kanuni alikuwa anaokota vizibo, kimoja kimoja, anavipanga kwenye ubao, vyeusi huku na vyekundu huku, na akimaliza anavipangua, anaanza tena.

Saa sita kahawa ikaisha. Mama Vikombe alisuuza vikombe vyake, akavifungasha ndani ya ndoo pamoja na kigoda, akajitwisha. Akasimama mbele ya Mzee.

— Nakwenda, baba. Yatakuwa sawa.

— Asante, mama, — akasema Mzee.

Akaondoka akivuka barabara na ndala zake, birika mkononi. Hatukumtazama. Tulikuwa tunatazama geti.

Saa sita na dakika ishirini Dada Waya akatoka. Sasa anatembea. Waya hauko shingoni.

— Dakika tisa, — akasema.

— Dakika tisa nini? — Mzee akasimama.

— Mtoto mmoja, dakika tisa. Wa nne, wa tano, wa sita wamekwisha. Wa saba yuko ndani. Wako ataingia sasa hivi, mzee wangu. Hata saa saba haitafika.

Mzee Kanuni akakaa. Akaweka mikono juu ya magoti. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya: alivuruga ubao wa drafti wote kwa kiganja, akaacha vizibo vilivyo, ovyo.

— Eleza, — Redio akasema. — Eleza basi, dada.

— Kila kichwa kilikuwa na kazi yake, nilisema. Lakini kila kichwa pia kinahesabu vipande vilivyokwisha. Hesabu nane, ndogo ndogo, kila kimoja na yake. Mimi kwa unadhifu wangu nikaziandika zote pamoja, zinafuatana. Sasa mashine haitoi kitu kimoja kimoja ghalani. Inatoa kipande kizima, kila kilichokaa pamoja kinakuja pamoja. Na kichwa hakiwezi kuandika kwenye kipande mpaka kikichukue chote, na nakala zilizoko mezani kwa wengine zibatilishwe. Basi hiki kinaandika namba yake, kile kinamnyang'anya kuandika ya kwake, cha tatu kinamnyang'anya. Mara mamilioni. Havigombei chochote. Vinagombea kadi.

— Ukaikata!

— Haikatwi, kaka. Nilizisogeza mbalimbali, nikaacha nafasi tupu katikati ya hesabu na hesabu, kila moja ikawa kwenye kipande chake. Sasa kila kichwa kina kadi yake mezani na hakuna anayemfuata.

— Nafasi tupu, — Mzee Kanuni akasema. — Posta ningegombezwa kwa kuacha nafasi tupu.

— Hata mimi nilifundishwa nisiache, mzee. Ndipo kosa langu lilipotoka. Siku tatu nimetafuta kosa kwa wengine. Yuko wapi Mama?

— Kahawa iliisha, — nikasema.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza upya, wa furaha sasa. Redio akasema bila yeye kuvuta kadi kwa nguvu hakuna ambaye angeona kitu, kwa hiyo watoto wale sita ni wake. Nikamwambia kisu kilikuwa cha nani? Na boksi la nani? Mlinzi akasema bila kufungwa yeye, Redio asingekuwa na cha kuandika. Dada Waya akasema wote tuna haki, akanywa kahawa yake iliyopoa toka kwenye mkono wa Redio, ambaye alikuwa amekishikilia kile kikombe muda wote huo kama alivyoambiwa.

Saa saba kasoro dakika tano alitoka binti wa Mzee Kanuni, mama wa mtoto. Hakuwahi kufika benchini kwetu kabla ya siku hiyo. Alivuka barabara haraka, khanga inamteleza begani, na Mzee akasimama kabla hajafika.

— Baba, daktari ameiona. Atampasua kesho asubuhi. Ni wa pili.

Mzee akamshika mwanawe mikono yote miwili. Nikageuka kutafuta kiatu cha kushona. Redio akapenga kamasi na kusema vumbi. Namshukuru Mungu nilikuwepo, na nasema hivyo bila mzaha wowote.

Yule binti akafuta macho, akatuamkia mmoja mmoja. Dada Waya alikuwa amemweleza ndani, kwa kifupi, habari za kadi.

— Ni mama gani aliyeikata? Nimeambiwa ni mama mmoja hapa.

— Muuza kahawa, — nikasema. — Ameshaondoka.

— Anaitwa nani?

— Mama Vikombe, — Redio akajibu upesi.

— Hapana, kaka yangu. Hilo ni la vikombe. Nauliza jina lake. Leo nikiomba nataka nimtaje.

Redio akafungua mdomo. Akamtazama mlinzi, mlinzi akatazama geti. Dada Waya akaangalia kile kikombe mkononi mwake, kikombe ambacho hakikurudishwa. Mzee Kanuni, aliyesoma majina ya watu juu ya bahasha kwa miaka thelathini na mmoja, akawa anahangaika kama mtu aliyepoteza funguo.

— Mnamfahamu tangu lini? — binti akauliza.

— Miaka kumi na moja, — Mzee akasema.

Miaka kumi na moja anatuita kwa majina yetu. Asubuhi nzima tumechambua kumbukumbu ya mashine, ghala liko wapi na meza iko wapi, na hapa hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno moja la kumpa yule binti. Nilijaribu. Kilichokuja kichwani mwangu ni ndala zake, nimezishona mara nyingi kuliko viatu vyangu mwenyewe. Kisigino cha kushoto hulika upande wa nje. Hilo nalijua. Jina, sikuwahi kuuliza.

Mzee Kanuni akainama, akachukua nusu yangu ya kadi, akaigeuza upande usioandikwa. Akanichomoa penseli sikioni.

— Amekwenda upande gani?

Hakuna aliyejua zaidi ya kwamba alivuka barabara. Basi nikainuka, nikavuka barabara, nikatazama chini. Vumbi la mchana lilikuwa bado halijavurugwa sana, na karibu na mtaro kulikuwa na alama za ndala, ya kushoto imezama upande wa nje.

— Ni huku, — nikawaambia. — Leteni na kikombe chake.